Barua ya wazi kwa wakuu wa mifugo: kabla hamjanunua madumu mengine ya dawa ya minyoo

Waheshimiwa,

Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Nadhani mmebaki wachache humo maofisini. Wengine nawasalimu kwa heshima ya kazi mliyobeba. Mimi ni afisa mifugo mstaafu. Nimetembea vijiji vya Longido kwa miguu, kwa baiskeli na mwishowe kwa pikipiki kwa miaka 31, na sasa ni mfugaji wa kondoo 140, ingawa wajukuu wanadai nusu yao ni wa kwao. Naandika kuhusu minyoo wa tumboni. Najua si jambo la kupigia picha. Josho jipya lina utepe wa kukata, lambo lina maji ya kuonyesha, lakini hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kuzindua tumbo la kondoo. Nawaombeni mnisome hivyohivyo.

Masika iliyopita, mwezi wa tano, jirani yangu mmoja mjane alinitumia kijana alfajiri. Kondoo wake jike, mnono, mwenye mwana wa wiki tatu, alikuwa ameanguka kwenye mlango wa boma na hakuinuka tena. Wazee waliokuwepo walikwisha kukata shauri kwamba ni majani yenye sumu, kwa sababu mnyama aliyekonda huonekana anakufa, ila huyu alikuwa na nyama. Hakuharisha. Hakukohoa. Jana yake alikuwa akibaki nyuma ya kundi, na chini ya taya palikuwa na uvimbe laini kama kifuko cha maji, ambao kijana aliuona asiutilie maanani kwa kuwa asubuhi huwa umenywea.

Nikaomba kisu. Nyama ilikuwa imepauka kama iliyolowekwa usiku kucha, na damu iliyotoka ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe cha chai ya rangi. Nikalitafuta tumbo la nne, lile linalofuata baada ya tumbo lenye kurasa, nikalipasua. Ukuta wake wote ulikuwa unatembea. Minyoo wembamba, urefu wa kama sentimita mbili hadi tatu, kila mmoja kama uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Wekundu ni damu ya kondoo iliyomo kwenye utumbo wa mnyoo. Weupe ni mifuko yake ya mayai iliyouzunguka utumbo huo. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Nilichota kijiko kimoja nikatia kwenye chupa ya jamu yenye spiriti, wazee waone.

Yule mama aliitazama chupa, akaniambia, "Daktari, si hawa wamekunywa dawa juzi tu?"

Kweli walikuwa wamekunywa. Wiki tatu kabla, gari lilikuja na madumu, kondoo wa kata nzima wakapangwa mstari, kila mmoja akapigwa bomba moja mdomoni, watu wakapigwa picha, gari likaondoka. Gari lilikuwa la nani, hilo haliongezi kitu kwenye barua hii. Limekuwa likija kwa majina tofauti tangu nikiwa kazini, na mara nyingine dereva wake nilikuwa mimi.

Kwanza niwape hesabu, kwa kuwa wengi wenu mnapenda hesabu. Mnyoo mmoja wa aina hii humpotezea kondoo karibu mililita 0.05 za damu kwa siku. Ni tone tu. Minyoo 2,000, idadi ambayo haimshangazi mtu aliyezoea kupasua matumbo, wanampotezea mililita 100 kila siku, yaani kikombe kidogo cha kahawa. Kondoo wetu wa kilo 30 ana damu yote isiyozidi sana lita mbili. Ana uwezo wa kutengeneza nyingine, lakini si kwa kasi hiyo, na si akiwa ananyonyesha. Ndiyo maana hufa akiwa na nyama: mnyoo huyu ana haraka, hamsubirii akonde. Na huku damu ikienda, kila mnyoo jike anaangusha mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku kwenye kinyesi. Penye joto na unyevu, yai huwa kiluwiluwi chenye uwezo wa kuambukiza ndani ya wiki moja hivi. Hicho hupanda jani la nyasi kupitia utando wa umande, kikamezwa, na baada ya wiki tatu kimekuwa mnyoo anayetaga.

Sasa mnauliza, na mimi niliuliza nikiwa kijana: nchi kame kama yetu, inayokaa miezi mitano bila tone, minyoo wanatoka wapi? Ukitembea Longido mwezi wa tisa, vumbi linakufika magotini. Kiluwiluwi hakidumu kwenye jua lile; majani yenyewe hayapo. Kwa hiyo tuliamini, na maofisini wengi bado wanaamini, kwamba minyoo ni ugonjwa wa watu wa milimani wenye mvua, na sisi wa nyanda za chini tuhangaike na kupe na ukame.

Jibu ni kwamba kiangazi wanakipitisha ndani ya kondoo. Viluwiluwi vilivyomezwa mwishoni mwa mvua havikui. Vinajificha kwenye ukuta wa tumbo la nne, vinalala miezi, havinyonyi sana, havitagi. Ukipima kinyesi mwezi wa nane unaona mayai machache unasema kundi ni safi. Mvua inapokaribia na kondoo jike wanapokaribia kuzaa, vinaamka kwa pamoja. Kondoo aliyetoka kuzaa kinga yake hushuka kwa muda, mayai anayotoa huongezeka mara nyingi zaidi, na wakati huohuo majani mapya yameota karibu na boma, kwenye alalili, ile sehemu tunayoitunza kwa ajili ya ndama, wanakondoo na wanyama dhaifu. Yaani sehemu tuliyoitenga kwa upendo ndiyo inayogeuka shamba la minyoo. Mvua ikiwa nzuri baada ya ukame mrefu, kama tulivyoona baada ya ule wa 2009 na ule wa 2021 hadi 2022, kondoo waliobaki ni wachovu, majani yamejaa, watu wanashukuru Mungu, na vifo vinaanza upya. Mara nyingi tunaviita mkosi.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kugombana nanyi kidogo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Mwaka wa minyoo huanza siku mvua inapolowesha mavi ya kondoo. Kalenda hizi mbili hazijawahi kukutanishwa. Fedha zikitoka mapema, dawa hununuliwa na kunyweshwa katikati ya kiangazi; zikichelewa, dawa hufika masika imeshakolea, kama ilivyokuwa kwa yule mama, na kondoo waliokunywa leo wanarudi kesho kwenye majani yaleyale kumeza wengine. Sisemi kunywesha kiangazi ni kosa lenyewe. Ukitumia dawa inayowafikia wale waliolala ukutani (si zote zinawafikia, na hilo silioni likiulizwa kwenye zabuni), unaweza kulipunguzia kundi mzigo kabla ya mvua. Kosa ni kunywesha kondoo wote, kijiji kizima, siku moja, wakati ambao nje hakuna kiluwiluwi hata kimoja kilicho hai.

Tuangalie nini kinatokea. Dawa haiui minyoo wote. Daima wapo wachache walioumbwa na uwezo wa kuistahimili. Masika, wachache hao wakisalia tumboni, nje kwenye majani kuna mamilioni ya viluwiluwi ambavyo havijawahi kuonja dawa. Wanachanganyika, wanazaana, usugu unazimuliwa. Kiangazi nje ni vumbi tupu. Ukinywesha kila kondoo, minyoo pekee waliobaki duniani, kwa maana ya dunia ya kijiji chetu, ni wale sugu waliosalia matumboni. Mvua ikinyesha, hao ndio baba na mama wa minyoo wote wa mwaka huo. Rudia miaka kumi kwa dawa ileile kwa sababu ndiyo ya bei nafuu kwenye zabuni, nanyi mmefuga minyoo bora kuliko tunavyofuga kondoo.

Nasema "nanyi" lakini nianze na mimi. Kwa miaka ishirini na zaidi nilipita bomani nikiwaambia watu: kila miezi mitatu, kundi zima, asibaki hata mmoja. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na nilikuwa mkali kwa waliobakiza. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akinificha kondoo wake wanono, akisema mwenye afya hanyweshwi dawa, kwani nani ametoka kwake akaenda hospitali bila kuumwa? Nilimwandikia onyo. Yule mzee ameshafariki. Alikuwa sahihi kuliko mimi.

Kuhusu kipimo chenyewe, nitasema bila kuficha. Dawa tunayoitegemea zaidi ni albendazoli. Kwenye maduka yetu ipo ya asilimia 2.5 na ipo ya asilimia 10, na chupa zinafanana kama mapacha. Kwa kipimo cha kawaida cha minyoo ya tumbo, miligramu 5 kwa kila kilo ya kondoo, ile nyepesi ni mililita moja kwa kila kilo tano. Kondoo wa kilo 40 anahitaji mililita 8. Ile kali anahitaji mililita 2. Nimekuta mtu amenunua ya ng'ombe akazidisha mara nne, akawapa na kondoo wenye mimba changa, ambao hata kwa kipimo sahihi hawafai kupewa albendazoli katika mwezi wa kwanza wa mimba. Nimekuta pia, na hili ndilo la kila siku, mtu anapiga mililita 5 kwa kila kondoo, mkubwa kwa mdogo, kwa sababu bomba limekwama hapo. Mkubwa wa kilo 50 anapata nusu dozi. Nusu dozi haiui mnyoo, inamfundisha. Mbuzi ndio wanaonewa zaidi, kwani miili yao huimaliza dawa haraka kuliko ya kondoo, lakini kwenye foleni ya lile gari hupewa kipimo cha kondoo. Na gari halina mizani. Katika miaka yangu yote ya kampeni sijawahi kuona kampeni ya minyoo iliyokuja na mizani.

Baada ya kifo kile niliamua kupima. Niliazima hadubini ya shule ya sekondari wakati wa likizo, nikapata kile kioo cha kuhesabia mayai kiitwacho McMaster kwa rafiki, na chumvi ya mezani nikainunua dukani, maana maji yaliyokolea chumvi ndiyo yanayofanya mayai ya minyoo yaelee. Nilichukua kinyesi cha kondoo 12 wa yule mama, moja kwa moja kutoka kwa mnyama na si chini, nikahesabu. Nikawanywesha mwenyewe, kila mmoja baada ya kupimwa uzito kwenye mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa maharage. Siku ya kumi na mbili nikahesabu tena. Dawa inayofanya kazi hutakiwa kupunguza mayai kwa asilimia 95 au zaidi. Hapa yalipungua, lakini hayakupungua hata kwa nusu.

Kondoo 12 si utafiti, najua. Huenda ni usugu. Huenda dawa ilikaa juani dukani, au ilikuwa bandia. Majirani zetu wa Kenya wamekuwa wakiripoti minyoo sugu ya kondoo na mbuzi tangu miaka ya 1990 na hata kabla, na mifugo ya mpaka wa Namanga haijui mpaka, kwa hiyo sitashangaa. Ila ona: jambo ambalo lingeamua kama mamilioni ya fedha za dawa yanazaa matunda au yanamwagwa nimelipima mimi, mzee wa pensheni, kwa hadubini ya kuazima na chumvi ya jikoni. Maabara ya veterinari ya kanda ipo Arusha. Hakuna mfugaji wa Gelai au Kitumbeine atakayefunga safari na vifuko kumi na viwili vya mavi, na hata afisa wa kata hatafanya hivyo bila mafuta ya pikipiki.

Ombi langu la kwanza, basi, ni hilo. Kabla ya dumu moja kununuliwa, zitengwe fedha za hadubini moja kwa kila kata mbili au tatu, kioo cha kuhesabia, na siku mbili za mafunzo kwa afisa aliyepo. Kila mwaka apime makundi machache kabla na baada ya dawa. Zabuni isubiri majibu yake. Ikiwa albendazoli imechoka Longido lakini levamizoli bado inaua, au ivamektini, basi tujue, tusinunue jina kwa mazoea.

La pili haligharimu hata kiasi hicho. Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, daktari wa mifugo Francois Malan, aliyefahamika kwa jina la Faffa, alitengeneza kadi yenye picha tano za jicho la kondoo. Kadi hiyo inaitwa FAMACHA, kutokana na jina lake. Unafunua kope la chini, unatazama utando wa ndani, unalinganisha. Namba moja ni nyekundu ya damu, namba tano ni nyeupe kama karatasi. Wa moja na wa mbili unawaacha. Wa nne na wa tano unawanywesha. Wa tatu unaamua kwa kuangalia: ananyonyesha? ni mtoto? kundi lote linaelekea wapi? Masika unarudia kila wiki mbili, kiangazi unaweza kupumzika. Kwa kawaida kondoo wachache ndio wenye kubeba sehemu kubwa ya minyoo wa kundi zima, kwa hiyo ukiwapata hao umeokoa fedha, na wale wanono wasionyweshwa wanaendelea kudondosha mayai ya minyoo wasiojua dawa, ambao ndio wanaozimua usugu. Ni kile kile alichokuwa akikifanya yule mzee niliyemwandikia onyo, ila yeye hakuwa na kadi.

Jicho haliwezi kila kitu. Weupe wa kope unaweza kuletwa na minyoo ya ini kwa kondoo waliohamishiwa kwenye kingo za mabwawa wakati wa ukame, au na maradhi mengine ya damu, na kuna minyoo wa utumbo wanaoharisha kondoo bila kumfanya apauke. Lakini kwa nyanda zetu, mfyonza damu huyu ndiye muuaji mkubwa, na mchungaji wa Kimaasai anayemjua kila kondoo kwa rangi, kwa mama yake na kwa tabia yake hahitaji shahada kufunua kope. Watoto wanaopeleka kondoo malishoni hujifunza kwa dakika kumi. Nimewafundisha wajukuu wangu. Sasa wananipigia kelele mimi nikikosea namba.

Nikiwa kwenye kondoo wenyewe, siwezi kuruka suala la madume.

Kila baada ya miaka kadhaa unaanza mradi wa kugawa madume ya Dorper. Ni kondoo mzuri, simkatai. Alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa kichwa cheusi wa Kiajemi, anakua haraka, mnunuzi wa mnadani akimwona anatoa pochi. Kenya walimwingiza miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1970 madume yake yakagawiwa kwa ruzuku. Wafugaji hawakuelezwa jinsi ya kuendesha uchanganyaji huo, wakaendelea kupandisha Dorper juu ya Dorper, na yule kondoo mwekundu wa Kimaasai, aliyekuwa amejaa kila mahali, leo watafiti wanamtafuta akiwa safi, Kenya na huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, wanapata wachache mno.

Mwekundu huyu ana kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Anaishi na minyoo. Anapata wachache, anapoteza damu kidogo, mwili wake unajua kuwakataa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kimataifa wa mifugo walioko Nairobi walimlinganisha na Dorper sehemu mbili: Diani, pwani ya Kenya kwenye unyevu, na ranchi ya Kapiti, kwenye ukame wa Machakos. Diani mwekundu alimwacha Dorper mbali sana, maana wanakondoo wa Dorper walikufa mno. Kapiti tofauti ilikuwa ndogo. Wapo wanaotumia matokeo ya Kapiti kusema, basi, nchi kame ni ya Dorper. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Longido ni Kapiti mwaka mmoja na Diani mwaka mwingine. Miaka mitatu ya jua Dorper anatamba, watu wanabadilisha kundi lote, halafu inakuja masika moja nzito inayofuta faida ya miaka mitatu kwa wiki sita. Yule kondoo jike aliyekufa mlangoni alikuwa chotara wa Dorper. Katika boma lilelile, wekundu wanne waliobaki kwa yule mama walikuwa na kope nyekundu.

Mkitaka kugawa madume, gaweni basi wekundu wazuri, waliochaguliwa. Kituo cha utafiti wa mifugo cha West Kilimanjaro, jirani zetu kabisa, kimefuga kondoo hawa. Anayetaka Dorper kwa ajili ya soko amtumie, lakini kondoo jike wa kundi wabaki wekundu, na chotara wauzwe nyama, wasirudi kuwa mama. Hapa Longido kipo kiwanda kinachopeleka nyama ya mbuzi na kondoo nchi za Ghuba, kwa hiyo soko la chotara lipo mlangoni. Kiwanda hichohicho kinanikumbusha jambo dogo: kila chupa ya dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Gari linaponywesha kata nzima Jumatatu na mnada ni Jumatano, nani aliyeandika ni kondoo yupi amekunywa?

Kuna mnyoo mwingine ambaye hakuna dumu lenu linalomgusa, nami nitakuwa nimewakosea wafugaji nikinyamaza. Kwa Kimaasai tunauita ugonjwa wake ormilo. Kondoo anaanza kuzunguka upande mmoja, anainamisha kichwa, anagonga miti, hajui tena kundi liko wapi, mwishowe haoni. Wapo wanaodhani ni kulogwa, wengine wanadhani ni kupe. Ukipasua fuvu unakuta kifuko cha maji kwenye ubongo, na ndani yake vidoti vyeupe. Kila kidoti ni kichwa cha tegu. Tegu mwenyewe anaishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa humpata kwa kula ubongo wa kondoo aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Ni nani anayempa? Ni sisi. Kondoo wa kizunguzungu tunamchinja, nyama tunakula, kichwa tunamtupia mbwa, kwa kuwa mbwa wa boma anakula jasho lake. Mbwa anaenda haja malishoni, na mzunguko unafungwa. Kuna tegu mwingine wa mbwa anayeweka vifuko kwenye maini na mapafu ya kondoo, na huyo hakomei kwa wanyama. Mtoto anayecheza na mbwa naye hupata kifuko kwenye ini lake.

Dawa ya mbwa ipo, prazikwanteli, kidonge. Na siku ya kuwapa ipo tayari: siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambapo mbwa wa kijiji wanakusanywa kwa kamba na makelele chini ya mti mmoja. Daktari ameshafika na mbwa ameshakamatwa; kinachokosekana ni kidonge na mtu wa kusema wazi kwamba kichwa cha kondoo wa ormilo kichomwe au kifukiwe kina kirefu ambacho mbwa hafukui. Mara moja kwa mwaka haitoshi kuwamaliza tegu, lakini leo tunatoa mara sifuri.

Mwezi Juni 2025 kampeni ya taifa ya chanjo ilizinduliwa Bariadi, na mbuzi na kondoo wamo, wanachanjwa sotoka kwa ruzuku. Nimeipongeza kila nilipopata nafasi na naipongeza hapa. Dawa za kuogesha nazo zimewahi kupata ruzuku. Kwa takwimu za wizara za 2022/23 tuna kondoo takribani milioni 9 nchini, na kila mmoja wao ana tumbo la nne. Wachanjaji hao wanaposhika kondoo mmoja mmoja wamchanje, kope lipo mbele yao. Ingechukua sekunde tano kulifunua na kuandika namba kwenye daftari lilelile la chanjo. Kwa mkupuo mmoja mngekuwa na ramani ya kila kata yenye upungufu wa damu. Sasa hivi hamna, na bado mnanunua dawa.

Najua bajeti za halmashauri hupangwa kati ya Januari na Februari, na ndiyo maana nimeandika sasa na sikusubiri masika. Yule mama amebaki na kondoo 37. Mwanakondoo aliyeachwa na mama yake tulimlea kwa maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya soda, yupo, ana masikio yaliyochanika na tabia ya kuingia jikoni. Ile chupa ya jamu nayo ipo, juu ya kabati, ingawa mke wangu ameniomba mara nne niitoe ndani ya nyumba. Mkiniita kwenye kikao cha kamati nitakuja nayo, pamoja na kadi ya macho na mizani ya maharage. Nauli nitajilipia.

Wenu,
Mfugaji na afisa mifugo mstaafu,
Longido